SINDANO SI YA WASICHANA PEKEE

Wavulana wa shule hii, hasa sisi wa kidato cha tatu, tuna mazoea ya kumcheka kila mvulana anayechukua Sayansi Kimu. Ati anajifunza kushona! Mimi nasema kicheko hicho ni cha ujinga.

Kwanza, sote hapa Turbo ni watoto wa mahindi. Mavuno yakifika, ni nani hushona magunia? Si ni sisi hao hao wavulana? Wala hakuna anayecheka.

Pili, na hili ndilo kubwa, kuna ushonaji unaookoa watu. Mwaka jana ndugu yangu mdogo alijikata muundi kwa fyekeo. Tabibu aliyemshona alikuwa mwanamume mwenye vidole vinene kama vya mpiga matofali, nami nilisimama kando nikitazama. Hakukimbilia uzi. Alidunga ganzi, akaosha jeraha kwa maji mengi, akatoa nyasi na udongo, ndipo akashika kwa koleo sindano iliyopinda kama mwezi mchanga. Iliingia wima, ikatokea upande wa pili umbali ule ule kutoka ukingoni. Kila mshono aliufunga fundo lake, akakata uzi. Nikauliza, "Daktari, mbona usishone moja kwa moja kama gunia?" Akajibu, "Uzi wa gunia ukikatika mahali pamoja, lote hufunguka. Hapa mmoja ukikatika, mitano inashika."

Fundo nalo lina siri yake. Uzi wa kulia hupita juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia. Ukirudia upande mmoja mara mbili, fundo huteleza, kama kamba za viatu vya wengi wetu hapa! Tena halikazwi mno. Kingo zigusane tu, kwani uzi ukibana sana damu haipiti na nyama hufa. Nyuzi za mguu hukaa siku 10 hadi 14, za uso kama 5.

Jamani, wako majirani wanaopaka jeraha tumbaku au mafuta taa, halafu wanafika zahanati kesho yake. Jeraha lililochafuka huenda lisishonwe siku hiyo, maana kulifunga ni kufungia usaha ndani. Na sindano ya pepopunda je?

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Mnamo 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Uganda, Mwingereza Robert Felkin alimshuhudia mganga mwanamume akimpasua mama na kumtoa mtoto. Mganga alinawa kwa pombe ya ndizi, kisha akafunga jeraha kwa misumari 7 myembamba ya chuma, akaizungushia nyuzi za gome la mti. Felkin alipoondoka siku ya 11, mama alikuwa amepona. Nani angemcheka mganga yule?

Sisemi tushonane nyumbani, hasha! Hiyo ni kazi ya aliyefunzwa. Ninachoomba ni mwalimu wa Sayansi Kimu atupe saa moja kila Ijumaa jioni, wavulana kwa wasichana, tujifunze kufunga mafundo na kuosha majeraha. Ganda la ndizi latosha kwa mazoezi. Mimi langu ninalo tayari, nimelishona mishono minane, na fundo moja tu ndilo lililoteleza.