Pembe Ndogo Kwanza

Kila mwaka tumbaku ikishauzwa, gereji yangu hapa Tabora hupata wateja wasio na gari. Ni vijana wa Urambo, Kaliua na Sikonge, wa miaka 18 au 19, waliokesha wakichochea moto wa mabani ya kukaushia tumbaku, na sasa chama cha msingi kimewalipa. Wanakuja na picha kwenye simu: Subaru Impreza ya turbo, rangi ya bluu. "Shikamoo fundi. Hii inafaa kuanzia?"

Haifai. Nasema hivyo nikijua kabisa kwamba mwenye turbo angenilipa zaidi kuliko mwenye Vitz.

Wazee wenzangu huwakemea kwa kupenda sifa. Hapo siwafuati. Zama za misafara, kubeba mzigo kutoka hapa hadi pwani ndiko kulikompa kijana wa Kinyamwezi heshima ya utu uzima. Kazi ile ya upagazi reli ilikuja kuimaliza, lakini hamu ya kuonekana umekua haikwenda nayo. Leo imehamia kwenye gari, na mimi sioni aibu yoyote hapo.

Ila Burton, yule Mwingereza aliyefika Kazeh, yaani Tabora hii hii, mwaka 1857, aliandika jambo ambalo vijana wetu hawasimuliwi: watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita, saba, walikuwa tayari wanatembea na kipembe kidogo cha ndovu begani. Pembe ya mtu mzima ilisubiri bega likomae.

Sasa tuje kwenye hiyo Impreza. Injini yake imelala, silinda mbili kila upande. Gasketi ya hedi ikiungua, mara nyingi inabidi niishushe injini nzima. Spea naagiza Kariakoo, inakuja kwa basi, nawe unasubiri. Turbo nayo haitaki oili ya kubahatisha. Petroli ya hapa ni ghali kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya safari yake, na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei mpya kila mwezi, wakati hela ya tumbaku huja kwa msimu. Hapo ndipo wanapokwama. Ikifika Januari nayaona magari hayo yameegeshwa chini ya miembe, betri zimekufa.

Na barabara je? Kwenda Itigi ni lami, imenyooka, miombo kulia na kushoto. Mguu unakanyaga wenyewe. Ghafla, matawi mabichi yametandazwa njiani: mbele kuna lori bovu. Dereva mzoefu huyasoma matawi yale mapema. Mwenye leseni ya mwezi uliopita anayaona akiwa kwenye 140.

Mpwa wangu naye yumo kwenye kundi hilo la vijana. Nikimwambia aanze na gari dogo, hujibu: "Mjomba, unataka niendeshe gari la kina mama la kwendea sokoni?"

Ndiyo, hilo hilo. Vitz au IST ya mkononi, na chenji ikatwe bima kubwa, maana ile ndogo humlipa uliyemgonga, gari lako halimo. Akibonyeza bodi, nitamnyooshea. Baada ya misimu miwili aje tena na picha yake ya bluu, nami nitaingia chini ya gari hilo mwenyewe, nikague chasi, nisikilize turbo. Na ada ya ukaguzi atalipa, mpwa au si mpwa.