Barua ya Mgao Sio Ploti, Walaal

Wiki jana broka alinitumia picha za ploti kumi kwa WhatsApp, akataka nizitangaze. Pesa aliyotaja ilikuwa tamu, sitawadanganya. Nikamuuliza, hati miliki ziko wapi? Akacheka kwa voisi: "Abti, hii ni Garissa. Nani ako na hati hapa? Ziko na barua ya mgao, ina muhuri."

Muhuri! Hooyo pia alionyeshwa muhuri.

Aliuza maziwa ya ngamia miaka mingi, akingoja zamu yake ya ayuuto, mpaka akanunua ploti yake. Akazungusha ua la miiba. Siku moja lori likamwaga mawe ndani ya ua. Mwenye mawe alikuwa na barua ya nambari ile ile, na muhuri wake ulikuwa wa zamani kuliko wetu. Karo yangu ya mwaka wa tatu ikaenda kwa wakili. Mnaoniuliza kila siku kwa nini niliacha chuo, jibu ndio hilo.

Sasa sikizeni, nyinyi mnaosema "kila mtu hununua hivyo." Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, kwa kesi ya Torino Enterprises, ilisema barua ya mgao haikupi umiliki. Ni ahadi tu, mpaka masharti yatimizwe, malipo yafanywe, ardhi isajiliwe. Mwaka huo huo, kwa kesi ya Dina Management, ikasema hata hati miliki haikuokoi kama ardhi ilitolewa kwa njia mbovu tangu mwanzo. Kwa hivyo usiangalie karatasi ya mkononi pekee. Nenda ofisi ya ardhi mwenyewe, lipia upekuzi, uliza hiyo ploti ilitoka kwa nani. Broka akikwambia "niachie mimi nitakufanyia," kimbia.

Na nje ya mji ndio balaa. Ardhi kubwa huku ni ya jamii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ile haijasajiliwa kaunti imeishika kama amana tu, haina ruhusa ya kuiuza. Sasa huyo jamaa wa Prado anakukatia vipande vya futi hamsini kwa mia alipewa na nani?

Wazee watasema ni mtu wetu, wa ukoo, hawezi kutudhulumu. Maze, aliyemuuzia hooyo alikuwa mtu wetu. Tulikunywa naye shaah.

Halafu kuna maji. Novemba 2023 na tena Aprili 2024 Tana iliingia kwa nyumba za watu. Mtaa unaitwa Ziwani na bado hukuuliza maji hufika wapi? Usidanganywe na jua la Garissa. Mabwawa ya juu, Masinga mpaka Kiambere, yakijaa, mafuriko yanakufikia na hapa hakujanyesha hata tone. Uliza akina mama majirani, si broka. Watakuonyesha alama ya maji ukutani.

Wenzangu wa kutengeneza video, nyinyi ndio mnanikera zaidi. Mnasimama kwa mchanga, mnarusha droni, "ploti moto moto," mnalipwa, mnafuta video. Mama fulani ameamini uso wako, walaal.

Broka bado ananipigia. Jana ameongeza dau. Nimeangalia tena zile picha: nne kati ya kumi, nyuma kabisa, mto unaonekana.