Mchungaji Asigeuzwe Karani

Kambini kamanda hashiki daftari la ghala. Ana karani, ana mtunza ghala, ana ajutanti. Mbona basi katika parokia nyingi za Uganda yetu mchungaji ndiye mwandishi wa barua, mweka hazina na mpiga mhuri, na bado tunamtaka awafikie wagonjwa?

Jambo hili si la Kanisa peke yake. Sheria inalitaka kanisa lenye leseni ya kufungisha ndoa lipeleke taarifa zake kwa Msajili wa Serikali. Karatasi hiyo isipofika, mjane wa askari husimama mbele ya dawati la mafao akiwa na picha za harusi tu.

Twashauri kila parokia ichague mtu mwaminifu, afundishwe kuandika daftari la ubatizo na la ndoa, kutoa stakabadhi, kupanga majalada na kutunza siri, maana barua za waumini si habari za sokoni. Gharama ibebwe na kanisa. Moyo wa kujitolea usio na mafunzo ndio uliotuletea madaftari yenye majina nusu nusu.

Wapo wachungaji wasiotaka kumkabidhi mtu mhuri. Hao warudie Kutoka 18: Yethro alimkuta Musa akiamua mashauri tangu asubuhi hata jioni, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa alibakiwa na mashauri magumu. Mchungaji naye abaki na saini yake na ukaguzi wa daftari kila juma. Mengine ayaachie ofisi.