Usikope Doo ya Kamera Bado: Ukweli wa HD, SD na Skrini ya Kijani Huko Longisa

Hiyo vidio umeiona. Msanii amesimama mbele ya maghorofa ya Dubai, suti imeshika, beat ya Kikalenjin inagonga, lakini kichwani ana duara ya kijani ka msee aliyetumbukizwa kwa ndoo ya rangi. Akirusha mkono, vidole viwili vinapotea. Mafans wanacheka, msanii analaumu kijana wa kamera, na kijana wa kamera analaumu kamera. Ati ni SD, imezeeka, anunuliwe HD.

Hapo ndio stori inageuka kuwa ya doo. Na Longisa, kaunti ya Bomet, doo si mchezo. Ukanda huu wote hadi Kericho unaskizia bonasi ya chai, na wakulima wa magharibi mwa Rift wamezoea kuona wenzao wa mashariki wakilipwa poa kuwaliko. Hustler Fund nayo, tangu ianze Novemba 2022, mkopo wa mtu binafsi unaanzia 500 hadi 50,000. Na 500 hainunui hata memori kadi ya maana.

So kabla mzazi auze ng'ombe, tujiulize: HD inasaidia kutoa kijani ama ni sifa tu? Inasaidia, tena sana. Lakini si kwa sababu wengi wanadhani, na haiokoi msee mwenye taa mbaya.

Kamera inakudanganya kuhusu rangi

Kamera haiweki picha vile jicho lako linaona. Inaweka vitu viwili: mwangaza na rangi. Mwangaza inaweka kwa kila pikseli. Rangi, kamera nyingi za bei ya chini pamoja na simu zinabana: pikseli 4 zinagawana rangi moja. Wataalamu wanaiita 4:2:0. Macho ya binadamu hayashtuki, lakini programu ya kutoa kijani inashtuka, juu yenyewe inafanya kazi na rangi.

Sasa piga hesabu. SD ya huku kwetu, ile ya PAL, ni pikseli 720 kwa 576. Ukibana rangi, unabaki na 360 kwa 288. Hiyo ndio programu inapewa ikuambie nywele zinaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi. Ndio maana braids zinatoka ka zimekatwa na panga.

HD kamili ni 1920 kwa 1080. Hata ikibanwa vile vile, rangi inabaki 960 kwa 540. Cheki hapo vizuri: rangi ya HD iliyobanwa ina pikseli mingi kuliko picha nzima ya SD. Kwa hivyo hata kama kazi yako ya mwisho ni DVD ya harusi itakayochezwa kwa TV ya shosho, shuti kwa HD, toa kijani ikiwa bado HD, halafu ndio upunguze saizi. Usianze kwa kupunguza.

Kuna kingine. SD ya zamani inashuti mistari nusu nusu, kwa hivyo mkono ukienda mbio kingo zinatoka na meno ka kitana. HD nyingi zinakupea picha nzima kila mara. Lakini angalia settings: 1080i bado ni ile ya mistari, 1080p ndio unataka.

Lakini HD pia ina uongo wake

HD kamili ina pikseli mara 5 ya SD. Sasa kamera ya kanda za MiniDV ilikuwa inaandika megabiti 25 kwa sekunde. Kamera ndogo za HD za AVCHD zilikuja na megabiti 24 hivi, kazi ikiwa mara 5! Zinafinyilia data kijanja, lakini msanii akianza kuruka, ama chumba kikiwa na giza, picha inavunjika vibonge vibonge. Vibonge havitoki na kijani.

Ndio maana SD yenye taa fiti inaweza kuaibisha HD iliyoshutiwa kwa chumba cha balbu moja. Neno "HD" kwa boksi halikuambii chochote kuhusu rangi. Kumbuka 2015, NTV, KTN na Citizen zilizimwa karibu wiki 3 juu ya kuhama dijitali. Watu wengi walidhani dijitali maanake ni HD. Si kitu kimoja. Wauzaji wa kamera wanaishi kwa kuchanganya maneno ka hayo.

Na majani chai je?

Kuna mjanja huwa anauliza: si tushuti mbele ya shamba la chai, kijani iko bure? Haiwezi. Jani changa lina manjano, la chini ni jeusi, katikati ni kivuli. Programu inataka kijani kimoja, tambarare. Bora kitambaa kilichopigwa pasi, taa mbili zake pekee, na msanii asimame mita 2 hivi mbele yake ndio kijani kisimrukie shingoni. Asivae kijani. Ukitumia simu, funga mwangaza na rangi zisijibadilishe katikati ya wimbo. Na zima ile setting ya kunoa picha, inachora mstari bandia kwa kingo.

Hizo zote ni za bei ya kitambaa na taa. DaVinci Resolve ya bure inatoa kijani vizuri kabisa. Kama bado unataka kununua kamera, beba kitambaa chako hadi dukani, shuti sekunde 10, toa kijani hapo hapo ukiwa na laptopu. Muuzaji akikataa, umejua. Na kama kazi ni moja kwa mwezi, kodisha.

Mbona hii ni maneno ya sasa

Juu pesa imehama. Facebook ilianza kulipa macreator wa Kenya 2024, YouTube inataka subscribers 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa, na Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuja na makato ya 5% kwa hiyo mapato. Msee akikopa kwanza, anaanza mbio akiwa nyuma: deni, kodi, na bado mafans wanacheka duara ya kijani.

Hii side si wageni kwa hii biashara. Chandarana wa Kericho walirekodi wasanii enzi za santuri, Nairobi ikiwa mbali. Walijulikana kwa sauti, si kwa bei ya mashine.

Kwa hivyo mpango ni huu: nunua taa kwanza, jifunze kitambaa, halafu HD, na iwe HD ya pesa uliyopata na kamera, si ya pesa unayodaiwa. Na kabla uweke Dubai nyuma ya msanii wa Longisa, fungua dirisha. Kile kilima huko nje hakihitaji kutolewa kijani.