Kabla Dada Hajapanda Kiti cha Nyuma

Dada mmoja wa Birmingham ameniandikia. Mumewe ameona pikipiki ya mtumba, Honda ST1100 Pan European ya mwaka 1996, na jirani anaiuza kwa bei ambayo shemeji anaapa haitapatikana tena. Mpango ni kwenda Scotland kiangazi hiki, wao wawili, watoto wabaki kwa bibi. Dada anauliza swali moja tu: hicho ni chombo cha safari, au ni mchezo wa wanaume waliofikisha miaka arobaini na tano?

Dada, ni chombo cha safari. Lakini kina masharti, na karibu masharti yote yanahusu kiti utakachokalia wewe, si alichokalia shemeji. Ngoja nikueleze kilivyoundwa, ndipo utaona kwa nini.

Pikipiki za aina hii zimezaliwa na mvutano. Upande mmoja kuna pikipiki ya mbio: nyepesi, fupi, dereva ameinama kama anayetafuta sarafu iliyodondoka. Inakata kona vizuri, lakini baada ya saa moja viganja na mgongo vinalia. Upande wa pili kuna pikipiki kubwa ya safari, kochi la sebuleni lililowekewa magurudumu mawili. Ulaya, na hasa Ujerumani yenye barabara kuu zisizo na kikomo cha kasi katika baadhi ya vipande, watu walitaka kitu cha katikati: kiende kasi siku nzima, kibebe watu wawili na nguo zao, na jioni kisiwafikishe wakiwa wamekakamaa. Honda walijibu mwaka 1990 kwa ST1100.

Injini yake ina silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa sentimita za ujazo 1,084, nguvu ya farasi karibu 100. Ukiitazama kwa mbele utaona inatokeza kidogo kushoto na kulia. Sababu ni kwamba krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imelazwa kwa urefu wa pikipiki badala ya kukatiza kama ilivyo kwenye pikipiki nyingi. Hilo si pambo. Nguvu ikitoka kwenye injini inakwenda moja kwa moja nyuma kwa shafti, na inapinda kona mara moja tu, pale kwenye gurudumu. Hakuna cheni. Aliyewahi kupanda bodaboda ambayo cheni yake inaimba kwa kukosa oili anajua cheni inavyotaka kuhudumiwa. Shafti imefunikwa, matope hayaifikii, na kazi yako ni kubadilisha oili ya kule nyuma kwa wakati wake. Gharama yake ni uzito, pamoja na tabia moja ndogo: ukifungua mafuta nyuma inainuka kidogo, ukiyafunga inashuka. Mtu huzoea.

Kinachonifurahisha zaidi kwenye pikipiki hii ni tangi. Linabeba lita 28. Petroli hiyo ina uzito wa kilo kama 21, sawa na mtoto wa miaka sita. Kwenye pikipiki ya kawaida mtoto huyo anakaa juu, mbele ya dereva, na kila ukiinamia kona naye anainama. Wahandisi wa ST1100 walimshusha. Kile unachodhani ni tangi mbele ya dereva kwa sehemu kubwa ni kifuniko, na chini yake kuna chujio la hewa. Petroli yenyewe iko chini, katikati ya fremu na chini ya kiti, na pampu ndiyo inayoipandisha kwenye kabureta. Kwa hiyo chombo chenye zaidi ya kilo 300 kikishajazwa mafuta kinaonekana chepesi mara tu kinapoanza kutembea. Kwa mwendo wa utulivu mtakwenda zaidi ya kilomita 400 kabla ya kutafuta kituo.

Kikisimama, ni habari nyingine. Kilo 300 zikianza kulala huwezi kuzizuia kwa mguu, na usijaribu. Honda walilijua hilo, wakaficha vyuma vya kinga pembeni, nyuma ya vipande vya plastiki vinavyoweza kubadilishwa, ili pikipiki ikianguka ikiwa imesimama ilalie hapo badala ya kuvunja mwili mzima. Ukikuta vipande hivyo vimechubuka, usiogope. Muulize tu jirani ilikuwaje, kisha usikilize anavyojibu.

Sasa nije kwenye kiti chako.

Umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na cha gurudumu la nyuma kwenye ST1100 ni milimita 1,555. Pikipiki za mbio huwa karibu na 1,400. Urefu huo ndio unaoipa utulivu kwenye barabara kuu. Abiria, hata hivyo, hakai katikati ya urefu huo; anakaa karibu juu kabisa ya gurudumu la nyuma. Tuseme una kilo 65 na umekaa sentimita 20 mbele ya kitovu cha gurudumu hilo. Kilo 56 na ushee zinakwenda nyuma, mbele zinabaki nane tu. Kisha shemeji anafunga sanduku la tatu, lile la juu nyuma ya mgongo wako, na analijaza kilo 15. Sanduku hilo halipo juu ya gurudumu. Limening'inia nyuma yake, tuseme sentimita 40. Hapo tairi la nyuma linabeba karibu kilo 19 kwa mzigo wa kilo 15, kwa sababu zile karibu nne zimetolewa mbele. Ni kama mtoto aliyekaa ncha ya bembea ya ubao.

Kilo nne si nyingi, utasema. Lakini gurudumu la mbele ndilo linalopiga usukani, na mzigo uliokaa mbali nyuma na juu ukianza kuyumba hausimami upesi. Pikipiki yoyote ina kasi ambayo ikiizidi inaweza kuanza kucheza mwili mzima kushoto na kulia kama mkia wa samaki, mara mbili au tatu kwa sekunde. Pikipiki nzima na imara huutuliza mchezo huo yenyewe. Mzigo mbaya nyuma, tairi lililokwisha, upepo mdogo ndani ya tairi, shokapu iliyochoka, beringi za usukani zilizolegea, kila kimoja kinaishusha kasi hiyo. Vikikutana vitatu kwa siku moja, mnaweza kuikuta kwenye barabara kuu ya kawaida.

Sisemi haya kutishana. ST1100 ilifuatiwa na ST1300, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,261, fremu ya alumini, kioo cha upepo kinachopanda na kushuka kwa umeme, na umbali wa magurudumu ulipunguzwa hadi karibu 1,490 ili ipinde kwa wepesi zaidi. Polisi wa Uingereza waliitumia sana, wakiwa wameifunga redio, taa na masanduku. Mwaka 2007 vikosi kadhaa vya polisi viliiondoa kazini kwa sababu ya kuyumba kwenye mwendo mkali. Raia wengi wameendelea nayo miaka na miaka bila tatizo. Mimi nalielewa hivi: mhandisi anapovuta upande wa wepesi analipa upande wa utulivu, na mwenye kubeba mizigo ndiye anayeona risiti kwanza.

Kwa hiyo, shemeji, vitu vizito, yaani zana, viatu, sufuria ya kambi, viingie kwenye masanduku ya pembeni, chini na mbele ya sanduku, na pande zote mbili zilingane. Sanduku la juu libebe makoti ya mvua na mikate. Kabla ya kuondoka kaza springi ya nyuma kwa ajili ya watu wawili na ongeza upepo kwenye tairi kwa kiwango cha kitabu cha pikipiki. Yote mawili ni kazi ya dakika kumi. Na pikipiki ikianza kucheza njiani, asibane breki wala kushikilia usukani kwa nguvu. Alegeze mikono, apunguze mafuta polepole, nawe dada umkaribie, usiegemee sanduku.

Kuhusu ununuzi wenyewe. Pikipiki ya 1996 imepita majira mengi ya baridi, na chumvi inayomwagwa barabarani huku haina huruma. Lala chini na tochi uangalie mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, hasa maungio yake, pamoja na bomba la moshi kwa chini. Kutu ya juujuu si neno. Kutu inayobonyea ukiigusa kwa bisibisi ni sababu ya kurudi nyumbani. Historia ya ukaguzi wa kila mwaka inapatikana bure kwenye tovuti ya serikali ukiwa na namba ya usajili tu, na huko utaona kilomita zilivyokuwa zikipanda na nini kiliwahi kukataliwa. Zipo za mwaka huo zenye ABS na zisizo nayo. Kwa watu wawili na mvua ya Scotland, mimi ningetafuta yenye ABS hata kama ni kuingia mfukoni zaidi.

Dada ameongeza kwamba kijana wao wa miaka 20, mwanafunzi, ameshaanza kuulizia zamu yake. Hapana. Kwa Uingereza leseni ya umri wake inaishia kilowati 35, kama farasi 47, na hii ina zaidi ya maradufu. Atasubiri hadi miaka 24, au 21 kama atakuwa ameishika leseni ya ngazi hiyo ya kati kwa miaka miwili. Akasome kwanza.

Jambo moja la mwisho, dada, na hili fanya wewe mwenyewe mtakapokwenda kwa jirani, wakati wao wanasikiliza injini. Chuchumaa kwenye tairi la nyuma utafute tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tazama na la mbele. Niandikie umekuta namba gani.