NANI AMEIONA RAMANI?

Ndugu, darasa la kijiji linapojengwa kwa kujitolea, wananchi huchimba msingi, husomba mawe na kuchota maji. Lakini ukiuliza kwa nini dirisha limetazama magharibi, watu watatazamana. Ramani anayo mtaalamu, naye amekwisha kuondoka nayo. Sisi tunasema hiyo si haki. Anayetoa jasho lake apewe na maarifa, la sivyo kujitolea kutakuwa jina jipya la shokoa.

Tutazame Gando, kijiji cha Burkina Faso. Francis Kéré, mzaliwa wa hapo, alisomea ujenzi Berlin, na shule aliyowachorea wenzake ilimalizika mwaka 2001. Aliposema itajengwa kwa udongo, watu walisita, tena kwa haki, maana nyumba za udongo walizozijua zilibomolewa na mvua. Hakuwaambia wanyamaze kwa kuwa yeye amesoma. Aliwaonyesha. Udongo ukachanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa ukawa matofali magumu. Bati likainuliwa juu ya dari ili joto lipate njia na mvua isizipige kuta. Walifanya kazi huku wakijifunza, hata baadhi yao wakapata kazi kwingine kwa ufundi ule. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Kwetu sisi, lililo kubwa zaidi ni ule ufundi uliobaki mikononi mwa watu.

Lakini ufundi bila sauti hautoshi. Huko Misri, mwaka 1946, Hassan Fathy alianza kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, kizuri kwelikweli, cha udongo na kuba. Uamuzi wa kuwahamisha watu, hata hivyo, ulikuwa umekatwa serikalini, na wengi wao walikataa kuhamia.

Watakuja wa kutuambia kwamba ramani ni jambo gumu. Gumu kwa nani? Mama anayejua mahali pa kuweka jiko ili moshi usimrudie usoni amekwisha kuusoma upepo. (Kwa nguzo na zege mtaalamu tunamhitaji, wala hatumfukuzi.)

Tunayodai ni machache. Kabla ya jiwe la kwanza, ramani ielezwe mkutanoni kwa Kiswahili, pamoja na hesabu ya saruji na mbao. Kila tawi litoe vijana wawili, mmoja wao msichana, wafanye kazi na fundi tangu msingi hata paa. Na mtaalamu akiondoka, nakala ya ramani ibaki shuleni, ibandikwe ukutani.