Malezi ya Nyumbani: Nani Amsomeshe Mdogo?

Katika maswali tunayoulizwa na wazazi wanapokuja kuwachukua watoto chuoni, hapana linalorudi mara nyingi kama hili: mtu mwenye watoto watano au sita, na wote bado wadogo, atawasomeshaje nyumbani, naye ana shamba, ana jiko, ana maji ya kuteka, na pengine ana dagaa wa kuanika? Wenye kuuliza zaidi ni akina mama. Akina baba nao huuliza, ila swali lao ni jingine. Wao huuliza ada ya chuo ni kiasi gani.

Mwezi huu twataka kuwajibu akina mama hao kwa kadiri ya ujuzi wetu, ambao si mkubwa. Sisi tulisoma chuoni, kisha tukasoma shule ya msingi mpaka darasa la saba, basi. Lakini tumekaa na watoto wa watu kwa miaka mingi hapa Kalemela, na mwenye kukaa sana na watoto huona mambo ambayo mgeni hayaoni.

Kwanza tuliondoe jambo moja njiani. Wako watu waliosikia habari za nchi nyingine, kama Marekani, ambako mzazi aweza kumsomesha mwanawe nyumbani moja kwa moja, mtoto asikanyage shule. Hapa kwetu si hivyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto shule ya msingi akitimiza miaka saba, na kuangalia kuwa anahudhuria. (Umri huo wa miaka saba ndio ule ambao Mtume wetu, S.A.W., alituagiza tuanze kuwaamrisha watoto sala. Wala hatusemi kuwa waliotunga sheria walitazama huko.) Basi tunaposema darasa la nyumbani, twakusudia masomo ya mtoto kabla hajafika umri wa shule, na yale anayoyapata akirudi shuleni na chuoni. Darasa hili haliondoi shule wala chuo. Mwenye kumzuia mtoto asiende shule kwa hoja kwamba anamsomesha mwenyewe, huyo na aseme kweli kuwa anataka mchungaji wa ng'ombe.

Mwaka 2020 nchi nzima ilijaribiwa katika jambo hili. Tarehe 17 Machi mwaka huo Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwanzoni zilisemwa siku 30, kisha zikaongezwa, na shule za msingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Hesabu yake ni siku 104. Masomo yalitolewa redioni na katika televisheni, na waliokuwa na vyombo hivyo walifaidika. Lakini nyumba yenye watoto sita ina madarasa sita, na redio ni moja, tena baba anataka kusikiliza habari. Mara nyingi mama alikuwa shambani, kwani huo ndio wakati tunapoelekea kuchuma pamba.

Nani basi alisomesha? Katika nyumba nyingi tulizozijua, alisomesha binti mkubwa. Alikuwa na miaka kumi au kumi na miwili. Asubuhi alipika uji, akawaketisha wadogo zake chini ya mwembe, akachora herufi mchangani kwa kijiti, na mgongoni amembeba wa mwisho. Shule zilipofunguliwa wadogo walirudi wanajua kusoma kuliko walivyoondoka, jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu. Yeye mwenyewe alirudi amesahau nusu ya aliyoyajua.

Hapa ndipo penye neno letu la mwezi huu.

Mkubwa kumsomesha mdogo si jambo baya. Ni desturi yetu ya tangu zamani. Chuo cha Kurani kimesimama juu yake. Mwalimu ni mmoja na watoto ni arubaini, na kila mmoja yuko mahali pake: huyu yuko kwenye alifu, yule amefika katikati ya juzuu, mwingine karibu atahitimu. Mwalimu humwita aliyetangulia, akamwambia, mshike huyu mdogo wako mpaka aijue herufi hii. Wote wawili hupata faida. Mdogo hufundishwa kwa maneno ya kitoto anayoyaelewa, na hapa kwetu mara nyingi huwa kwa Kisukuma. Mkubwa naye hujigundua, maana hakuna kitu kinachomwonyesha mtu kuwa hajui kama kujaribu kumweleza mwenziwe.

Lakini angalieni desturi hiyo ilivyopangwa. Yule mkubwa akimaliza na mdogo wake, hurudi mbele ya mwalimu na ubao wake mwenyewe, akasikilizwa somo lake. Hapana mwalimu mwenye akili anayemwacha mwanafunzi wake bora asomeshe tu, siku zote, asisome. Nyumbani mambo huenda vingine. Binti mkubwa akimaliza kuwasomesha wadogo humngoja kinu, kisha maji, kisha mtoto amelia tena. Zamu yake ya kusikilizwa haifiki.

Tulikuwa na binti mmoja chuoni, wakati huo yuko darasa la tano. Alikuja kila siku na mdogo wake mgongoni. Akisoma humtikisa, na mtoto akilia hutoka nje kumbembeleza, akirudi wenzake wamekwisha pita. Tangu msimu wa pamba mpaka mvua za kwanza alikuwa kwenye sura ile ile moja, na ndugu yake wa kiume, aliyemzidi huyo binti umri kwa mwaka mmoja na nusu, akapita sura nane. Siku moja tulisema na mama yake. Mama alimsifu sana: "Mwalimu, huyu ndiye mwalimu wangu wa nyumbani, watatu wanajua herufi kwa ajili yake." Tukamwambia, "Ni kweli, mama, na yeye nani anamsomesha?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nikimwachia asome, Mwalimu, nani atambeba huyu, nami niko shambani?"

Twaomba wasomaji wasilidharau jibu hilo. Halikutoka kwa mtu asiyependa elimu. Lilitoka kwa mtu mwenye mikono miwili na kazi za mikono sita. Kumhubiria mama kama huyo juu ya fadhila za elimu ni kupoteza pumzi. Elimu anaipenda, anachokosa ni mbebaji. Kwa hiyo shauri letu lilikuwa juu ya mbebaji. Pale nyumbani alikuwapo bibi yao mzaa baba, ambaye macho yake yamepungua lakini mapaja yake bado ni mazima. Alikuwapo pia yule ndugu wa kiume. Tulipomtaja huyu, mama alicheka, kwani kwetu mvulana kubeba mtoto mgongoni huonekana kioja.

Sasa, kama ni kioja, na tukumbuke kuwa Mtume, S.A.W., alisalisha watu naye amembeba mjukuu wake Umama, mtoto wa binti yake Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumchukua tena anaposimama. Hadithi hiyo ni mashuhuri na wanachuoni wameipokea kwa usahihi. Aliyekuwa imamu wa Mitume wote hakuona haya mbele ya safu nzima. Mvulana wa Kalemela ataona haya mbele ya nani? Ilipangwa basi kwamba baina ya Alasiri na Magharibi mtoto akae kwa bibi, na akimlemea bibi, ambebe kaka. Binti akaja chuoni na mgongo mtupu. Hatusemi kuwa mambo yamenyooka yote. Zipo siku bibi anaumwa, na kaka hutoroka kwenda kucheza mpira.

Tuseme sasa kidogo juu ya masomo yenyewe, kwa kuwa wengi hudhani kuwa bila vitabu hakuna la kufundisha. Msimu wa pamba, mkiwa mmeketi mnachambua, mpe mtoto wa miaka minne atenge pamba safi na pamba fifi. Hilo ni somo la kutazama, kulinganisha na kuamua, nalo ndilo mwanzo wa kusoma, kwa maana be na te ni mwili mmoja, hutofautiana kwa nukta tu. Wa miaka sita ahesabu marundo. Wa miaka tisa mwambie apige hesabu ya kilo na bei, kisha siku ya mnada wa pamba aende na baba akasimame karibu na mizani. Twaona mkulima asiyedanganywa ni yule mwenye mtoto anayejua kuzidisha. Kadhalika dagaa. Debe moja hujazwa na sado ngapi? Wengine watasema nne, wengine tano, kwa jinsi muuzaji anavyorundika, na mtoto atakayeligundua hilo mwenyewe amesoma somo kubwa.

Wala msione aibu kuwasomesha kwa Kisukuma walio wadogo kabisa. Mtoto wa huku anapoingia darasa la kwanza hukutana na Kiswahili shuleni na Kiarabu chuoni, naye nyumbani ameamka kwa mwangaluka. Aliyekwisha kujua kuhesabu kwa lugha ya mama yake, hubadilisha majina tu. Asiyejua kuhesabu kwa lugha yoyote hubeba mizigo miwili kwa mara moja.

Jambo hili la kutumia vitu na lugha ya mahali si letu peke yetu. Kule Mombasa, Waislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wanafika shule nyuma ya wenzao, wakaomba msaada wa taasisi ya Aga Khan, na mwaka 1986 likaanzishwa darasa la watoto wadogo ndani ya madrasa. Mwalimu aliyelianzisha ni Bi Swafiya Said. Watoto walisoma dini, hesabu na michezo mahali pamoja, kwa vifaa kama vifuu vya nazi, simbi na vizibo vya chupa, na akina mama wa mtaa wakafunzwa kuwa walimu. Mwaka 1990 mpango huo ukafika Unguja, na mwaka 1993 Uganda. Huku kwetu nazi hatuna, lakini kokoto na magunzi ya mahindi tunayo tele.

Tatizo la nyumba yenye wengi ni kwamba umri wao haulingani. Dawa yake ni kutoa kisa kimoja kwa wote na swali tofauti kwa kila mmoja. Chukua kisa cha Nabii Yunus, ambacho watoto wa ziwani hukipenda kuliko vyote kwa ajili ya yule samaki. Mdogo kabisa muulize nani alimmeza. Wa pili muulize kwa nini alitupwa majini. Wa tatu naye aandike mistari mitatu, kwa mkaa kama kalamu hakuna. Nusu saa yatosha. Ikizidi hapo, wadogo huwa wanakaa tu kwa adabu, na adabu ya kukaa si elimu. Fimbo haina kazi katika darasa hili. Mtoto wa miaka minne akipigwa kwa sababu ya alifu, huichukia alifu, wala hatakuambia.

Sasa twageukia akina baba, ambao hapo juu tuliwataja kwa ada tu. Wengi wa huku huvua dagaa, na wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, ili samaki wafuate mwanga. Mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazina nguvu, kambi hupumzika, na baba hurudi nyumbani. Siku hizo ni zile za katikati ya mwezi wa Kiislamu, na ndani yake zimo tarehe 13, 14 na 15, ambazo tumesuniwa kufunga. Mvuvi hana haja ya kalenda. Mwezi wenyewe humwambia. Mara nyingi tumemkuta katika siku hizo amekaa barazani anacheza bao tangu Adhuhuri, na mkewe yuko shambani, na binti yake yuko kisimani na mtoto mgongoni.

Baba, siku hizo ni zako. Bao halikukatazwa kwako, lakini Magharibi ikiingia lifunike, usali na wanao, kisha uwaketishe wadogo mpaka Isha. Kama hujui kusoma, wahesabishe, wasimulie kisa, wasikilize sura walizohifadhi. Kusikiliza hakuhitaji cheti. Wa mwisho mpakate wewe. Na taa ya sola, kama iko moja tu, usiiweke katikati ya wadogo, kwani mbalamwezi yawatosha wao kwa kisa na hesabu. Mpe binti mkubwa, akae nayo ndani na daftari lake.